Labeka Isiyokuwa Yangu

Dada Mwanaisha, shikamoo. Nimefika kambini salama, ila vumbi huku linaingia mpaka kwenye chai. Mwanangu Rukia ndiye afisa wa ustawi wa jamii, na wakimbizi wote ni wake. Jana nilimwita, akanijibu, "Ngoja, mama." Bibi mmoja mkimbizi akamwita kidogo tu. "Labeka!" Mbio! Labeka ile ile niliyomfundisha mimi hapo nyumbani Barani. Kisha mahamri niliyombebea akampelekea yeye. Nikamfuata kwa wivu, dada. Bibi akanimegea kipande: "Karibu mgeni, kula." Mgeni, mimi, kwa mwanangu!

Nibusie wajukuu. Na leo mwite binti yako Zainabu, umsikilize anavyoitika.

Mdogo wako,
Fatuma