Ua la Msitu wa Matambiko

Mufindi, Jumanne, 1956

Joachim, nimekwisha! Nakuandikia nyuma ya karatasi ya kukaushia maua, nimejificha stoo. Dereva wa lori atakuletea hapo Nyololo.

Lile ua dogo nililompa bosi wangu, Mama wa Kizungu anayekusanya mimea! Nilimwambia nimelichuma kwenye nyasi, juani. Ningesemaje? Nililichuma ndani ya msitu wa matambiko, haingii mtu asiyeitwa. Na mwenye kuulinda ni Mzee Kalinga, baba yake Evarista, ambaye nataka kumposa mwezi ujao!

Leo Mama kalitazama kwa lenzi. "Si kweli," akasema kwa Kiingereza. "Mizizi imejaa mboji. Hili huota kivulini, chini ya miti mikubwa. Wapi?"

Na Mzee Kalinga kakaa pale pale, kaja kuuza mayai! Kiingereza hajui, mkalimani ni mimi. "Anasemaje?"

Nikajibu, "Anasifu mayai."

Mayai, Joachim! Mama akamwekea Mzee lile ua mkononi. Mzee akanusa udongo wa mizizi. Akaniangalia. "Anasemaje?"

Nikashindwa kudanganya tena. Nikasema anauliza linaota wapi.

"Mwambie kesho nitampeleka mwenyewe," akasema, mpole kabisa, hata sauti hakupandisha. "Wewe utatangulia. Njia unaijua."

Mama kafurahi mno. Nimemtafsiria yote, isipokuwa yale maneno mawili ya mwisho.