Kiti cha Mama Dirishani

Ghorofani, juu ya duka la dobi,
Mkabala na kituo cha zimamoto.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nguo za Jumatatu hapa dukani. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kumwambia wifi yangu kwamba ni vumbi tu? Na wale watoto, wangali wanagombania kiti cha mbele cha gari? Sisi huku wazima wote. Mama hajambo kabisa, tena ana maringo mapya, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nianze mwanzo, maana najua huwa unaruka mistari. Duka ni letu mimi na shemeji yako, lakini jina lililo mlangoni ni la kampuni. Wametupa ruhusa ya kulitumia, pamoja na rangi zao na sabuni zao, nasi tunafuata masharti yao. Mojawapo linasema kwamba dukani ni kufua, kukausha na kupiga pasi tu. Kazi nyingine yoyote marufuku.

Na Mama anashona. Unakumbuka alivyokuwa baada ya Baba kututoka. Alikuja kukaa nasi, akawa mtu wa kukodolea ukuta macho. Siku moja akateremka dukani, akaona suruali ya mteja imefumuka pindo, akaomba sindano. Haukupita muda cherehani yake ikahamia dirishani, na yeye akahamia nayo. Wateja wakampachika jina la Mama Pindo. Wapo wanaoleta nguo safi kabisa zifuliwe, ili mradi wapige naye soga. Mimi nilimpata mama yangu tena, wala sioni haya kusema hivyo.

Mkaguzi wa zamani wa kampuni, yule tuliyekuwa tukimwita Mzee Miwani, aliyajua yote. Kila akija alimkuta Mama palepale, anamsalimia, anapita. Hata suruali yake mwenyewe aliwahi kuileta ipunguzwe. Nikajiambia basi, yamekwisha, tumeruhusiwa.

Mzee Miwani amestaafu. Aliyeshika nafasi yake ni binti mmoja mpole, mwenye macho makali. Alizunguka, akasifu usafi, kisha akasimama mbele ya cherehani. Akaniambia kwa adabu zote kwamba atakaporudi mwezi ujao asiikute, la sivyo kampuni itafikiria kutunyang'anya jina. Hasira zilinipanda! Nikamuuliza, "Mwanangu, miaka yote hii mmeiona mkanyamaza, leo imekosa nini?" Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu kimoja karibu na mwisho. Kinasema kwamba kunyamaza, au kuchelewa kudai haki, si kuiacha haki hiyo. Yaani wanaweza kufumba macho leo, kesho wakayafumbua, na wewe huna la kujibu.

Mama alisikia kila neno. Alikunja nguo aliyokuwa akiishona, akafunika cherehani kwa shuka, akapanda juu. Kesho yake hakushuka. Nilipompelekea chai nilimkuta amekaa kitandani, uso umeelekea ukutani, kama zamani zile. Roho iliniuma, mdogo wangu. Nilirudi chini nikapiga pasi shati moja mpaka nikaliunguza.

Sasa msifu shemeji yako, ila usizidishe, maana hatutalala hapa. Unamjua, mtu yule husoma hata maandishi ya dawa ya meno. Alikichukua kile kifungu akakisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma taarifa ya habari, hata nikatamani kumrushia mto. Halafu akasimama kwenye maneno mawili: "upande wowote". Kumbe kifungu hakikuwa cha kampuni peke yake. Kilikuwa chetu pia. Akaniuliza, "Hebu nikumbushe, mke wangu. Fundi wao alikuja lini mara ya mwisho kuangalia mashine ya kukaushia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkataba unasema kampuni italeta fundi wake kila mwaka, na hajatia mguu tangu mashine ilipofungwa. Huwa tunamwita fundi wa mtaani, na mlango wa mashine unashikiliwa na waya. Tulinyamaza kwa kuona haya kusumbua wakubwa, si kwamba tumewaachia.

Nikampigia simu yule binti, bila ukali. Nikamwambia tutafuata kila sharti, ila na wao wafuate yao, tuanzie kwenye mashine. Akacheka. "Mama, hapo mmetubana," akasema. Simnyimi sifa zake, alikwenda mwenyewe kwa meneja wake kututetea. Wakaja wote wawili, na yule meneja akautazama ule waya weee.

Mwisho tukaelewana. Mkataba umeongezewa ukurasa unaosema Mama ruhusa kushona dirishani, mradi avae aproni ya kampuni. Tumetia saini wote. Safari hii hakuna mambo ya kukonyezana. Fundi naye ameshakuja, na mlango sasa unafunga bila waya.

Aproni waliyomletea Mama ilikuwa inamfika kwenye vifundo vya miguu. Kazi ya kwanza aliyoifanya alipofunua cherehani ilikuwa kuipunguza aproni yenyewe. Sasa anajiita mfanyakazi wa kampuni, na asubuhi ananisimamia mlangoni kuniuliza mbona nimechelewa kufungua.

Mengine ni ya kawaida. Shangazi amepata meno mapya, basi anacheka hata pasipo na la kuchekesha. Wale zimamoto wa ng'ambo ya barabara wanaleta makoti yao kwa Mama, nami nashuku mmoja wao anayachana makusudi.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawabusu, mkubwa kwanza ili asinune. Shemeji yako na Shangazi wanakusalimu. Mungu awalinde nyote huko mliko, awape afya, riziki na usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata unapochelewa kujibu.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, Mama amenifungulisha. Anasema niandike haya kama anavyoyatamka, naye haachi kushona: "Mwambie mwanangu miaka yote hii sijamuuliza anarudi lini. Nilinyamaza nisimsumbue. Asije akadhani haki yangu nimeiacha."