Isale Nililompelekea Naike

Jumamosi, jioni. Mlima haujaonekana tangu juzi na manyunyu hayajakata. Mama yuko jikoni anamenya ndizi za machalari. Mimi nimejifungia chumbani, naandika kwa mkono mmoja, mkono wa kushoto uko ndani ya beseni la maji baridi. Nitafika huko.

Naogopa.

Nimeliandika peke yake ili nilione vizuri. Msimu mzima nimejaza blogu hii habari za wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni la kipaimara kesho, hata habari za mbuzi wa jirani nimeandika, lakini kriketi nimeikwepa kama paka anavyokwepa maji. Leo siwezi tena, kwa sababu kesho ni mechi ya mwisho.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Pasua, na ninaishi na mama yangu Kibosho. Mwisho wa wiki nacheza kriketi katika klabu ya wanawake pale mjini. Ndiyo, kriketi. Ndiyo, Wachagga tunacheza. Mpigaji anasimama na gongo (si lile la kunywa, utani huo tumeuchoka) mbele ya vijiti vitatu, na mrushaji anakuja mbio kumrushia mpira wa ngozi mgumu kama jiwe la kusagia. Mpira ukiangusha vijiti, mpigaji anatoka. Mimi ndiye ninayefungua upigaji, yaani nakutana na mpira ukiwa mpya na warushaji wakiwa na nguvu zao zote. Nilikuwa naipenda sana kazi hiyo.

Halafu lile jambo likatokea.

Ilikuwa mazoezini, kabla ya ligi kuanza. Kiwanja chetu hakina majani ya kutosha, kwa hiyo tunatandika mkeka wa katani juu ya zege na kuubana pembeni kwa misumari mirefu. Msumari mmoja ulikuwa umelegea na ukingo wa mkeka ukainuka. Mrushaji wetu wa kasi ni Naike, binti wa Machame, rafiki yangu, ambaye namshonea sketi zake zote za kwaya. Alirusha mpira kama anavyorusha siku zote, ukagusa ule ukingo, ukapanda. Kofia ngumu nilikuwa nimeivua kwa sababu ya joto. Mpira ulinipiga chini ya jicho la kushoto.

Mfupa ulipata ufa mdogo. Daktari aliniambia jicho ni zima, kisha akaonyesha kwa kidole: ungepanda hivi tu, tungekuwa tunaongea mengine. Alitaka kunifariji, najua. Lakini kile kidole chake ndicho ninachokiona kila nikishika gongo. Fundi mwenye jicho moja atatungaje uzi? Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda naziba jicho la kulia na kutunga sindano kwa la kushoto peke yake. Uzi huwa unapita. Kesho yake najaribu tena.

Sasa nije kwenye isale.

Wasio wa huku huenda hawalijui. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mtu akikukosea, akaja na jani la isale kuomba msamaha, hulikatai. Hata kama moyo unachemka, hulikatai. Na ukishalipokea, lile jambo limezikwa, halitajwi tena mezani wala njiani. Naike alikuja nyumbani na baba yake wakati uso wangu umevimba kama andazi, ameshika jani la isale kwa mikono miwili, analia. Likapokewa. Mama akawapa chai. Sina kinyongo naye, naapa, sikuwa nacho hata siku ile.

Lakini hofu si kinyongo, na hakuna aliyewahi kunifundisha jani la hofu.

Niliporudi mazoezini, Naike alinirushia mpira wa polepole, ule tunaowarushia watoto wa shule wanaokuja kujaribu. Nikanyamaza. Ningesema nini? Kumwambia "mbona unarusha hivyo" ni kufukua kilichozikwa. Naye hakusema. Wiki kwa wiki mpira wake ukaja kama maandazi ya kupokezana, nami nikaupiga vizuri sana, na wenzetu wakanipigia makofi. Wote tulikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza.

Maana wapinzani hawakuniletea isale.

Katika mechi ya kwanza, mrushaji alipoanza tu kukimbia, mguu wangu wa kulia ukaondoka. Sikuuambia. Ulijisogeza wenyewe pembeni, ukaniacha nimeegemea upande kama mlevi wa pombe ya ndizi, na vijiti vikaanguka nyuma yangu. Mechi ya pili, mguu ukaondoka. Ya Arusha nilisali usiku mvua inyeshe, na ikanyesha, nikamshukuru Mungu kwa sauti huku wenzangu wakinung'unika. Hapo ndipo nilipofikia. Mechi iliyofuata nikasema naumwa tumbo, wakacheza bila mimi.

Da Zuhura, kapteni wetu, ana duka la vyombo mjini na hana muda wa kubembeleza mtu. Alhamisi alipita kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia nikipinda sketi.

"Mwanangu," akasema, "Jumapili wale wana yule msichana mrefu anayerusha kama ana ugomvi na wewe. Nikuweke ufungue, au nikuweke mwisho kabisa upumzike?"

Nikasema, "Nifungue, dada."

Sijui ni nani aliyejibu. Alipoondoka niligundua nimeshona sketi ya watu mbele na nyuma pamoja.

Jana sikula vizuri. Leo asubuhi nilitoka kwenda mazoezini, nikafika mpakani mwa kihamba, nikasimama mbele ya masale. Mama alikuwa zizini kwa ng'ombe. Nikakata jani moja, nikalitia kwenye mfuko pamoja na glavu. Niliondoka nikigeuka nyuma kama nimeiba parokiani.

Nilimkuta Naike anakaza misumari ya mkeka. Siku hizi anawahi kuliko wote, anakaza kila msumari, kisha anarudia. Nilitoa jani, nikalishika kwa mikono miwili kama alivyolishika yeye. Akarudi nyuma.

"Yeleuwii! Nimekukosea nini tena?"

"Hujanikosea. Nina ombi."

"Isale si la maombi, aisee. Hilo ni la msamaha."

"Basi nisamehe," nikasema, "kwa sababu nataka unirushie kama zamani. Leo. Kwa nguvu zako zote."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema hawezi. Akasema nisimfanyie hivyo. Machozi yalikuwa yanamtoka na kunitoka, na bado nilikuwa nimenyoosha mikono na lile jani linalowa manyunyu. Mwishowe akalichukua. Huwezi kukataa isale, hata likija kwa njia mbaya namna ile.

Nikavaa kofia, nikaibana mpaka kidevu kikauma.

Mpira wa kwanza ulikwenda mbali kabisa, karibu na pikipiki ya Da Zuhura. Aliuachia huku amefumba macho, na mimi nilikuwa nimeshahama. Wa pili vilevile. Hapo ndipo nilipomtazama Naike vizuri, mara ya kwanza tangu siku ile, nikaona kwamba mwenzangu naye ni mgonjwa wa ugonjwa huu huu. Mimi naogopa kupigwa, yeye anaogopa kupiga. Tumefichana msimu mzima, kila mtu akidhani anamtunza mwenzake.

"Nyie!" Da Zuhura akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Ni mazoezi au ni matanga?"

Naike akacheka, huku analia. Akarudi nyuma, akarudi zaidi, mpaka pale alipokuwa akianzia zamani, karibu na mti wa mgrevilea. Nikamwona anavuta pumzi. Nikajua sasa anakuja kweli. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimetania, nalitaka jani langu. Akakimbia, nikasikia viatu vyake kwenye mkeka, na sikumbuki kuuona mpira.

Nakumbuka kidole gumba cha kushoto kuwaka moto. Nikatazama chini.

Mguu ulikuwa pale pale.

Gumba ndilo lililo kwenye beseni. Halijavunjika, nimelikunja na limekunjika. Alinirushia tena na tena baada ya hapo, na nisidanganye, mara nyingi mguu uliondoka kama kawaida yake. Mara chache ulibaki. Sikupona leo. Nilichopata ni kujua kwamba unaweza kubaki.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa amesimama mpakani, anatazama pale nilipokata.

"Nani kakata isale? Tumegombana na nani?"

Nikamweleza. Nilitarajia kusemwa mpaka usiku. Alinisema kidogo, kwamba isale si kitu cha mchezoni, kwamba baba yangu angekuwepo angeniuliza kama nina akili. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Lile la kwanza nililipokea mimi," akasema. "Wewe ulikuwa umejilaza pale na barafu usoni. Sikukuuliza. Nilifikiri nikilipokea haraka, na mimi nitaacha kuogopa."

Sikujua. Nilikuwa nadhani katika nyumba hii anayeogopa ni mimi peke yangu, na kumbe kila Jumapili nikitoka na begi la kriketi, Mama alikuwa anakwenda zizini kukamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Akasema kesho atasali misa ya kwanza, kisha atakuja kiwanjani. Hajawahi kuja. Nikamwambia asije. Akasema anakuja, na ataleta ndizi.

Kwa hiyo hofu sasa ni mbili. Yule msichana mrefu mbele yangu, na Mama pembeni na hotpoti, akinitazama. Gumba limeanza kuwa la zambarau. Naike ametuma ujumbe sasa hivi, neno moja: "Naogopa." Nimemjibu: "Na mimi." Miezi yote hii, ndiyo mara ya kwanza tumeambiana.

Mama ananiita nikale. Sina la kujiahidi kuhusu mikimbio, hizo alama za mpigaji, sijui kama nitapata hata mmoja. Vijiti vikianguka na vianguke. Ila wewe, mguu wangu wa kulia, nimekuosha, nimekupaka mafuta, nakuomba kwa adabu zote na sina jani la kukupa: kesho Mama atakuwa anaangalia. Baki pale pale.