Hilo Usimtafsirie

Mwenzangu uko wapi? Sikiliza haya!

Leo kikaoni nilikuwa namtafsiria yule mwalimu kiziwi. Akamwomba bosi wetu kwa ishara kwamba sisi wakalimani wapya tuendelee kuwa na mzoefu wa kutunoa. Wangu, yule mama wa miwani, alikuwa amekaa nyuma yangu.

Bosi akacheka. "Kunolewa nini? Si kupunga mikono tu?" Halafu akaninong'oneza, "Hilo usimtafsirie."

USIMTAFSIRIE! Ananiambia mimi!

Nikamgeukia mama. Akaniinulia kidevu tu, yaani endelea. Basi nikatafsiri yote. Kupunga mikono, na "hilo usimtafsirie" pia!

Mwalimu akajibu kwa ishara, nami nikawa sauti yake: "Nimekusikia vizuri sana. Una dharau."

Bosi akanijia juu. "Wewe ndiye wa kuniambia nina dharau?"

Na hiyo nikaitafsiri! Mwalimu alicheka mpaka akashika meza.

Eti kesho naitwa ofisini. Naenda, tena kifua mbele! Mwalimu anakuja na mimi, na mama ndiye atakayetafsiri.

Bosi achunge mdomo wake. Mama huyo ndiye aliyeninoa.