Kabula alivyoziita huduma kwa majina

Alhamisi jioni

Bado nina furaha. Klasta nzima, yaani kundi la kompyuta zinazoendesha huduma zetu, iko kwenye toleo jipya la mfumo, na akina mama wachuuzi wa samaki wa Igoma wataagiza barafu kupitia kwetu kesho alfajiri kama kawaida.

Asubuhi nilikuwa nimenuna. Toleo jipya halipokei mafaili ya huduma yaliyoandikwa kwa API ya zamani, yaani kanuni za zamani za kuipa klasta maelekezo, lakini nilishahesabu huduma zetu zote kumi na tisa, programu ndogo zinazopokea maagizo ya wateja, na zote zilikuwa zimebadilishwa. Nikamwambia Kabula, mkuu wetu, "Dada, tuhamie tu."

Akakataa. "Baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe zizini. Aliwaita kwa majina, aliyekosekana akafuatwa porini. Lete orodha."

Basi akawa anaita jina la huduma mbele ya ofisi nzima, mimi naijaribu kwenye klasta ya majaribio. Nilijiona mjinga kabisa.

Alipoita huduma ya barafu, klasta ikaikataa. Faili lake lilikuwa bado la API ya zamani. Hesabu yangu ilitimia kwa sababu huduma nyingine niliihesabu mara mbili. Wale akina mama wangekaa na samaki juani, na mimi ndiye...

Tulirekebisha mistari minne, ikakubali. Saa tisa alasiri tukahamia, na hakuna mteja aliyepiga simu kulalamika.

Kabula hakuuliza nani aliandika faili lile. Jina la mwandishi liko mstari wa kwanza. Akaliita kwa sauti ileile aliyoitia mengine.

Nikaitika, "Nipo, dada."