Dari ya Jikoni

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako bado anakohoa, nami magoti yamenichosha.

Umeuliza utajuaje kama watu wa kijiji cha Mkwaja, unakotumwa, watajimudu mvua ikikata barabara. Nikiwa msichana nami nilitumwa huko kuandika akiba ya chakula. Kila nyumba niliuliza, "Mna ghala?" Wakasema hawana, nikaandika kijiji hakina kitu. Kesho yake barabara ikakatika. Wiki mbili mama mwenyeji wangu alinilisha makopa, mihogo mikavu aliyoihifadhi kwenye dari ya jikoni, juu ya moshi.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Mwanangu, uliuliza ghala. Hukuuliza tunakula nini."

Barabara ilipofunguka nilikuwa nimechoka, karatasi nikaipeleka ilivyo, bila kuisahihisha. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Wewe anzia jikoni.

Bibi yako, Usagara