Zamu ya Kumpeleka Mama Homa Bay

Mwaka umetimia, mama yetu Marcella Nyatichi, tangu tukuzike nyuma ya nyumba yako hapa Awendo.

Miaka kumi na minane ulipanga foleni ya malori ya miwa kwenye uwanja wa mizani wa kiwanda cha sukari. Miwa ikikauka hupungua uzito, kwa hivyo kila dereva alikujia amefura. Siku moja dereva Gordon alikuja akasimama mbele yako: "Madam, niko hapa tangu jana, na wewe umekaa tu kama chifu." Ukamuuliza, "Mtoto ametoka hospitali?" Akasema bado. Hukumpitisha mbele ya wenzake. Ulimtafutia mtu wa kulisogeza lori lake kwenye foleni, naye akaenda kumwona mtoto wake.

Hukufundishwa hayo darasani. Ulimwangalia mtu usoni kwanza, kelele zake ukaziacha zipite.

Nyumbani pia tulikuchosha. Wanao Okari na Levis walipogombania mpaka wa shamba, mmoja ulimsikiliza jikoni, mwingine ukimsaidia kupalilia, na hukubeba neno la huyu kwa yule.

Halafu ukabadilika. Ukawa mkali kwa vitu vidogo: chai kupoa, mlango kubamizwa. Priscilla, mke wa Okari, akasema, "Mama amemalizia upole wote kwa madereva." Tukacheka naye. Hakuna aliyekuangalia usoni.

Jumanne moja ukauliza mezani, "Nani atanipeleka kliniki Homa Bay Alhamisi? Kifua kinanibana." Okari akasema ni zamu ya Levis. Levis akajibu, "Aliyepata shamba kubwa ndiye mwenye mama." Baba akatazama sahani yake. Nasi wengine tukaendelea kula.

Ukasema, "Basi, haraka ya nini. Nitaenda wiki ijayo."

Wewe ungemsikia mtu akisema hivyo, ungejua anaogopa. Sisi tuliamini kwamba hakuna haraka. Jumapili ulianguka ukijiandaa kwenda misa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Arasa, binti yako Emmah, mkweo Priscilla, wajukuu wako saba, na wanao Okari na Levis. Hawa wawili hawasalimiani hadi leo, na kila mmoja alitaka jina la mwenzake liondolewe kwenye tangazo hili. Tumeyaacha yote mawili yabaki.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Mama, na hatuna la kujitetea.